Mota Isiyosema Imechoka

Mota tatu zilikuwa juu ya meza ya chuma, na kwa desturi ya mafundi wa Tabora mchaguzi hazisogelei hivihivi. Mota mpya unaigonga kwa kidole, kama unavyogonga tikiti maji sokoni. Mota iliyokwisha kushika mkono wa mtu unaipigia hodi.

Kalunde alizigonga mbili za kwanza bila taabu. Alipofika kwenye ya tatu, ulimi ulimwia mzito.

"Hodi," alisema mwishowe. "Hodi, Mlekwa. Hujambo?"

Taa ndogo ubavuni mwa mota ikawaka kijani. Sijambo.

Nyuma yake Bwana Kapela, meneja wa karakana, alivua kofia. Alikuwa amecheza na Mlekwa tangu wote wawili wakiwa hawana meno ya mbele, na ndiye aliyeshika upande wa kichwa walipolibeba jeneza. Tangu siku hiyo alizungumza na Kalunde kwa sauti ya mtu aliyeazimwa kikombe cha udongo na anaogopa kukivunja.

"Pole, shemeji. Ningekuwa na mchaguzi mwingine nisingekuita kabla ya arobaini."

"Unaye mwingine?"

"Sina."

"Basi pole tuziweke kando. Niambie kazi."

Kazi aliijua, kama mji mzima ulivyoijua. Shafti ya pampu kuu ya maji ilikuwa imekatika, na pampu ililala chini ya kisima kirefu kama mgonjwa asiyegeuzwa. Shafti mpya kutoka ng'ambo ingefika baada ya mvua, na mvua zenyewe za siku hizi ni za kubahatisha. Magari yalileta maji kwa zamu. Hospitali ilikuwa ikisafisha damu ya wagonjwa wa figo kwa maji hayo ya magari, na yalipochelewa, wagonjwa walirudishwa nyumbani. Dada yake Kapela alikuwa mmoja wao. Hilo Kapela hakulisema siku ile, wala hakuwa na haja ya kulisema.

"Shangazi ndiyo mashine pekee yenye urefu wa kutosha," alisema, akaelekeza kidevu upande wa mashine ya kukereza iliyokaa mwisho wa karakana. Waliiita Shangazi kwa sababu ni kubwa, ya zamani, na hakuna aliyewahi kuifanyia haraka akasalimika. "Mota yake imeungua. Tuchagulie nyingine. Ila arobaini ni keshokutwa, shemeji. Ukiichagua hiyo ya tatu, ujue unachagua nini."

"Najua ninachochagua," Kalunde akasema, ingawa hakujua.

*

Wakongwe wa kazi husema dunia iliharibika siku meno ya gia yalipopakwa utando. Utando wenyewe ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu, lakini una kumbukumbu ndefu kuliko ya mkwe aliyenyimwa mbuzi wa mahari. Fundi anakereza, utando unasikiliza. Unasikia wapi anapunguza mwendo, wapi anakaza, wapi anavuta pumzi kabla kisu hakijagusa chuma. Tabia moja moja huanza kuishika ndani ya siku chache, na miaka ikipita mota inakuwa na mkono mzima, na ukiiwasha peke yake inakereza kama yeye. Hata taa ile ya hali yake inafundishwa na fundi mwenyewe. Akihisi mashine imeelemewa anabonyeza kitufe, taa inageuka njano, na mota inajifunza siku hiyo kuchoka ni kitu gani.

Fundi akifa, mkono unabaki. Mkono hauombi likizo, hauna watoto wa kupeleka shule, haugomi. Matajiri waliposikia hivyo walitabasamu, na karakana moja baada ya nyingine ziliacha kufundisha vijana. Nani amlishe mwanagenzi miaka mitano wakati marehemu yupo stoo?

Sheria iliacha jambo moja tu mikononi mwa wafiwa. Utando ambao mwenyewe hajaugusa huanza kukauka, na ukikauka hautoki tena. Mkono utabaki humo hadi meno yaishe. Muda wa kukauka haupishani sana na arobaini. Kwa hiyo watu wa Tabora walifanya kama wanavyofanya na mambo yote yasiyo na maelezo: wakayatia kwenye matanga. Siku ya arobaini, pamoja na kugawa nguo za marehemu, ndugu huamua kuiosha mota yake kwa mafuta ya moto, mkono uende zake, au kuiacha ifanye kazi.

Kalunde aliwahi kumuuliza Mlekwa angetaka lipi. Walikuwa wanakula. Mlekwa akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Nikishakufa niulize."

*

Mama mkwe wake, Bi Nyamizi, alifika karakana saa za mchana akiwa na chupa ya uji na kigoda. Mafundi walikwisha kumzoea. Alikuja kila siku, akakaa mbele ya mota ya mwanawe, akaisalimia, akatazama taa ikiwaka, kisha akaanza kuipa habari za nyumbani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula." Alikuwa hajala.

Bi Nyamizi alimimina uji kwenye kifuniko cha chupa, akamkabidhi bila kubishana. "Wananiambia ukiichagua hii, haitaoshwa."

"Ndiyo, Mama. Kazi ya shafti haitaisha kabla ya arobaini. Ikianza nayo, itamaliza nayo, na utando utakuwa umekauka."

"Basi ichague."

Kalunde alikunywa uji ili asijibu.

"Mimi sikuzaa mwingine," Bi Nyamizi akaendelea. "Kaburini nimekwenda, nimeongea na msalaba ule wa mbao hadi nikajionea haya. Haujibu. Hii nikiiambia hujambo, inaniambia sijambo. Unataka niende wapi tena nikasikie neno hilo?"

"Na kama amechoka, Mama?"

"Amesema amechoka?"

Wote wawili waliitazama taa. Ilikuwa kijani, kijani ya jani la mgomba lililonyeshewa.

"Hajasema," Kalunde akakiri.

"Haya." Mama akafunga chupa yake.

*

Kuchagua mota si uchawi, ingawa wachaguzi wengi hupenda kuonekana wachawi. Kalunde alipiga magoti akaandika kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, kama alivyofunzwa, ili yeyote apitaye asome na kubisha.

Kwanza mwendo. Chuma cha shafti kilikuwa kizito kama ng'ombe wawili, na chuma cha namna hiyo hakizungushwi mbio: mizunguko themanini kwa dakika. Mota yenyewe hukimbia mizunguko elfu moja mia nne arobaini. Gawanya, gia lazima zipunguze mwendo mara kumi na nane. Mota zote tatu ziliweza.

Pili nguvu ya kuzungusha. Alipima unene wa chuma na kina cha mkato, akapata nyutoni-mita mia nane. Mota ya kwanza ilikuwa ya gia ya parafujo, bei nafuu na kimya, lakini robo ya umeme wake huishia kuwa joto. Kwa kazi ya siku nyingi ingejipika yenyewe. Akaipiga mstari. Ya pili ilikuwa dude kubwa la meno ya mshazari, jipya kabisa, lenye kustahimili elfu mbili. Ubaya wake ni mchezo. Kati ya jino na jino ilikuwa na ule ulegevu mdogo ambao mafundi huuita mchezo, na tena haikuwa na mkono. Isingeweza kuachwa peke yake hata kidogo. Ilitaka mtu hai asimame penye usukani wa kisu kutoka mkato wa kwanza hadi wa mwisho.

Ya tatu, ya Mlekwa, ilikuwa ya gia za sayari, gia ndogo tatu zikiizunguka moja ya katikati kama watoto na mama anayegawa karanga. Mchezo wake ulikuwa haupimiki. Mkono wake kila mtu aliujua. Ilistahimili elfu moja mia tatu.

Ikabaki tarakimu moja, nayo ndiyo inayowatoa wachaguzi jasho. Shafti ile ilikuwa na mbavu. Kisu kingekata, kikose, kikate, kikose, na kila ubavu ungeipiga gia kofi. Kwa hiyo unachukua ile mia nane unaizidisha na kizidisho cha mapigo. Kitabu cha wachaguzi hakikupi tarakimu moja. Kinakupa mbili na kukuachia dhamiri yako. Kama mkono ni mzuri na unalainisha mapigo, moja na nusu. Kama sivyo, moja na robo tatu.

Mia nane mara moja na nusu ni elfu moja mia mbili. Mota ya Mlekwa inapita, na nafasi inabaki.

Mia nane mara moja na robo tatu ni elfu moja mia nne. Mota ya Mlekwa inakataliwa.

Chaki ilisimama juu ya sakafu. Kisha Kalunde akaandika moja na robo tatu, haraka, kama mtu anayeiba.

Kivuli cha Kapela kilianguka juu ya hesabu. Akaisoma kuanzia juu hadi chini, akachuchumaa.

"Miaka yote shafti za mbavu tumezichagulia moja na nusu. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukiandika. Na mikono mingine haikufika hata nusu ya mkono wa Mlekwa."

"Najua."

"Shemeji, usinielewe vibaya." Aliivuta sauti yake chini, mama asisikie. "Hesabu hii ameifanya mchaguzi au mjane?"

Kalunde alitaka kukasirika. Hasira ingekuwa rahisi, na angeshinda, maana Kapela alikuwa mtu wa kuomba radhi upesi. Lakini alipojitafuta ndani hakumwona mchaguzi wala mjane. Aliona mwanamke mmoja tu mwenye chaki, na mwanamke huyo alitaka mumewe alale. Alitaka hivyo kwa nguvu kiasi kwamba angeweza kuandika tarakimu yoyote. Na upande wa pili wa tarakimu kulikuwa na watu wanaosubiri maji ili damu yao isafishwe. Aliogopa.

"Sijui," akasema. "Ifungeni kwenye Shangazi. Tuijaribu kwa chuma kibovu."

*

Walifunga kipande cha shafti ileile iliyokatika, mbavu zake zikiwa bado zimesimama. Kapela akawasha. Hakuna aliyeshika usukani.

Shangazi ilianza kuzunguka, polepole, kwa ule uzito wake wa kikubwa. Kisu kikasogea. Kabla hakijagusa chuma kikasita kidogo sana, na Kalunde akahisi nywele za mikononi zikimsimama, kwa maana ndivyo Mlekwa alivyokuwa akisita: mbele ya chuma, hata mbele ya mlango wa chumbani. Kisha kikaingia. Ubavu wa kwanza ulipofika, badala ya kishindo kilisikika kitu kama mtu anayeweka mzigo chini kwa adabu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu. Chuma kilichojikunja kilidondoka kwa vipande vya urefu mmoja, rangi ya samawati.

Bi Nyamizi alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kapela alikuwa akitabasamu huku machozi yakimtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Mkato ulipobakiza unywele kufika kipimo, mashine ilisimama yenyewe, ikatulia.

"Imekwama?" Bi Nyamizi akauliza.

"Hapana, Mama," Kalunde akasema. "Inasubiri."

Katika karakana ile fundi hapimi kazi yake mwenyewe. Ni mwiko. Jicho la mwenye kazi hupenda kuona linachotaka, kwa hiyo mwingine huja na maikromita, akapima, akajibu kwa kugonga kitako cha mashine kwa kifundo cha kidole. Akigonga mara moja: bado, ongeza mkato. Akigonga mara mbili: basi, inatosha, pumzika. Ndivyo Kalunde na Mlekwa walivyojuana. Kabla hajawa mchaguzi alikuwa mpimaji wake, na miezi mingi ilipita wakizungumza kwa kugonga tu kabla mmoja wao hajapata ujasiri wa kusema neno.

Alipima. Akagonga mara moja, kisu kikaondoa ule unywele, akapima tena, na kipimo kikakaa pale pale. Akagonga mara mbili, na mota ikashusha pumzi, ikazima.

"Moja na nusu," Kapela akasema taratibu. Hakuisema kwa ushindi. "Umeona mwenyewe, shemeji. Analainisha."

"Nimeona." Kalunde alisogea. "Hujambo, Mlekwa?"

Kijani.

Kama mambo yangeishia hapo, angefuta robo tatu kwa soli ya kiatu, na hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Lakini kijani ile aliijua. Alikuwa ameisikia mwaka mzima, asubuhi na jioni: U hali gani, baba? Mzima. Umelalaje? Salama. Kifua je? Ah, mafua tu haya. Akaridhika, kwa sababu sisi ndivyo tulivyo. Mtu ana msiba ndani utamsikia anaitikia nzuri, kisha ndipo anaongeza kwa chini, ila tumefiwa. Mlekwa yeye hakuongeza kitu. Siku Kalunde alipokuta vitambaa vyake vya mkononi vimefichwa nyuma ya pipa, vimefuliwa vibaya, damu imebaki kwenye pindo, daktari hakuwa tena na la kufanya zaidi ya kuvua miwani.

Alipenyeza mkono chini ya sanduku la gia, mahali ambapo mafuta hutuama na ambapo hakuna mtu anayepagusa kwa kuwa taa ipo.

Akaurudisha upesi. Kiganja kilikuwa chekundu.

"Bwana Kapela. Gusa hapa."

Kapela aligusa, akaruka. Akaitazama taa, ambayo bado ilikuwa kijani. "Haiwezekani. Imefanya mkato mmoja tu."

Kalunde alifungua kizibo cha chini kwa spana. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, na yalipotandaa kwenye sinia yalimetameta. Alichovya kidole, akakisugua kwa dole gumba, akahisi mchanga. Ulikuwa unga wa meno.

"Halainishi mapigo," akasema. "Anayameza."

"Lakini taa..."

"Taa ameifundisha nani? Miaka yote ile, uliwahi kumwona Mlekwa akibonyeza kitufe cha njano? Mota haijui kuchoka ni nini. Hakuionyesha hata siku moja. Ingekwenda hivi, kijani, kijani, hadi katikati ya shafti, kisha gia zingevunjika kisu kikiwa ndani ya chuma, na chuma cha namna ile hatuna kingine."

Bi Nyamizi aliinuka kwenye kigoda, akaja, akaweka kiganja chake pale pale chini, akakiacha muda mrefu kuliko walivyoweza wao.

"Ameumia?" akauliza.

"Sijui kama chuma kinaumia, Mama. Ninajua kwamba kinaficha."

Mama aliutoa mkono, akaupuliza. "Alipokuwa mdogo alianguka kutoka darini akavunjika mkono, akala chakula cha jioni kwa mkono wa kushoto nisijue. Nilimwambia mimi: mtoto wa kiume akiulizwa hali, jibu ni moja." Aliitazama taa. "Kumbe alisikia."

Kalunde alimshika mabega. Baadaye alisimama katikati ya karakana, kwa kuwa mchaguzi hutamka uchaguzi wake akiwa wima na mbele ya watu, akatamka: mota ya pili, kwa kizidisho cha moja na robo tatu.

"Na nani atakereza?" Kapela akauliza. "Hiyo haina mkono. Mafundi hai wa shafti ndefu tumewazika wote."

"Mimi. Wewe utapima."

"Shemeji, una miaka mingapi hujashika kisu?"

"Mingi," akasema. "Nitakwenda polepole."

*

Waliiosha mota ya Mlekwa siku ya arobaini yenyewe, mapadri na majirani walipokwisha kwenda. Desturi inamtaka wa karibu zaidi amimine, na Kalunde alimwachia mama birika. Kabla ya kumimina, Bi Nyamizi alikunja kidole, akagonga meza mara mbili, kwa kubahatisha kidogo, kama mtu anayejaribu neno la kabila jingine. Alikuwa ameona inavyofanywa.

Mafuta ya moto yaliingia juu yakatoka chini, kwanza meusi, halafu ya kahawia, halafu ya dhahabu. Taa ilibaki kijani wakati wote. Ilikuwa kijani hadi tone la mwisho, kisha ikazimika, na Bi Nyamizi alipoisalimia haikujibu. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata makaburini.

Kesho yake Kalunde alishika usukani.

Mikono ilikumbuka kuliko alivyotarajia, na ilisahau mahali alipoihitaji zaidi. Dude lile jipya lilikuwa na nguvu za fahali na akili ya fahali. Kila ubavu ulipofika ule ulegevu wa meno ulimtupia kisu kiganjani, naye ilimbidi akaze, alegeze, akaze. Kapela alipima, akagonga mara moja. Bado. Mara moja. Bado. Magari ya maji yalipungua. Mwuguzi mmoja alikuja kusimama mlangoni, akaitazama shafti, akaondoka. Baada ya hapo Kalunde hakukubali tena mashine izimwe mchana kupumzishwa. Kapela alipomwambia ale, alisema amekula. Alipomwambia alale, alisema amelala. Bi Nyamizi alileta uji, akaurudisha ukiwa na utando juu.

Mkato wa mwisho uliwakuta alasiri, upepo wa kiangazi ukipuliza vumbi jekundu chini ya mlango. Kalunde aliinua mkono kujifuta jasho, na kwa uchovu akasahau kuurudisha.

Kisu hakikutupwa. Kabla ya ubavu kilisita kidogo sana. Kisha kikaingia, na pigo likatua kama mzigo uliowekwa chini kwa adabu. Likatua na lililofuata, na lililofuata. Halafu, unywele mmoja kabla ya kipimo, dude lile jipya, ambalo halikuwahi kuguswa na marehemu yeyote, lilisimama lenyewe. Likasubiri.

Kapela alibaki na maikromita hewani. "Hiyo umeifundisha wewe?"

Kalunde alikitazama kisu. Hakuwa amejua kwamba mkono wake una kusita. Miaka yote alidhani anampima mumewe, kumbe alikuwa anajifunza.

Bi Nyamizi alikuwa ameingia na chupa yake. Alisimama, akaitazama mashine iliyotulia, kisha akamtazama mkwewe kuanzia miguuni.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Mama. Mzima kabisa."

Taa ubavuni mwa mota ilikuwa kijani. Mama aliiona. Akaweka chupa chini, akainama kwa shida ya magoti yake, akapenyeza kiganja chini ya sanduku la gia.

Akakirudisha upesi. Aliponyanyuka hakuwa tena mwanamke wa kuletea watu uji.

"Nimekuuliza," akasema, "hujambo?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwapo tangu msiba, tangu kabla ya msiba, laini kwa kutumiwa. Kalunde alilitafuta na kwa mara ya kwanza hakulipata. Badala yake mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye paneli, ukapapasa kitufe ambacho hakuna aliyekumbuka kilibonyezwa lini, kimeganda kwa grisi na vumbi. Akakibonyeza kwa nguvu zote.

"Naumwa, Mama," akasema. Akakaa sakafuni, juu ya hesabu zake za chaki. "Tangu tumzike naumwa. Sijala. Silali. Naumwa kila mahali."

Kapela alitazama shafti, unywele mmoja tu umebaki, kisha akafikiria dada yake. Ilionekana usoni kwamba anamfikiria. Akaiweka maikromita ndani ya kisanduku chake, akaenda ukutani, akashusha swichi kubwa, na mji ukangoja maji siku moja zaidi.

Bi Nyamizi alikunja kidole. Akagonga kitako cha Shangazi mara mbili, safari hii bila kubahatisha, kisha akakaa chini kando ya mkwewe, akaanza kufungua chupa ya uji. Juu yao taa ilikuwa imegeuka njano.